Mtaniita mzungu, lakini timu zetu zinahama mno

Jumamosi uwanjani, mzee mmoja wa Kiingereza aliyekaa nyuma yangu alinigusa bega akauliza, "Wewe ni wa hapa?" Nikaanza kununa, maana najua swali hilo huwa linaelekea wapi. Kumbe alitaka kujua tu kama naishabikia MK Dons, timu ya mji huu wa Milton Keynes, kwa moyo, au nimekuja kuua muda huku timu yangu ni Arsenal. Yeye mwenyewe ni Tottenham tangu utotoni, kwao London. Ila wajukuu zake wawili aliokuja nao, mmoja jezi yake nyeupe imeshaingia sosi ya chipsi, hawana timu nyingine. Ni hii hii.

Hilo limenikaa kichwani, kwa sababu hakuna timu Uingereza inayosemwa vibaya kwa jinsi ilivyopatikana kama hii. Ilikuwa Wimbledon ya London, ile iliyoifunga Liverpool 1-0 fainali ya Kombe la FA mwaka 1988. Mwaka 2002 ikaruhusiwa kuhama, 2003 ikatua huku Milton Keynes, mji wa vipilefti visivyoisha ulioanzishwa 1967, na mwaka uliofuata ikabadilishwa jina. Mashabiki wa kule hawakukaa kulia. Mwaka ule ule wa 2002 waliunda AFC Wimbledon yao, wakaanzia madaraja ya chini, 2011 wakaingia ligi za kulipwa, na 2020 wakarudi mtaa wao wa zamani wa Plough Lane. Mpaka leo klabu ni mali ya mashabiki.

Siutetei uhamisho ule. Timu ya watu ilichukuliwa. Lakini wale watoto wawili hawakumwibia mtu kitu. Wamezaliwa wameikuta, uwanja uko pale pale tangu 2007, na Agosti 2014 timu hiyo iliipiga Manchester United 4-0 kwenye Kombe la Ligi ikiwa na Dele Alli, kijana aliyezaliwa mji huu na kulelewa kwenye akademi ya timu. Uwanja unachukua watu 30,500 hivi na siku nyingi viti vitupu ni vingi kuliko watu, sikatai. Lakini waliopo ni wenyeji. Kwa hiyo ukiniuliza kama timu ya kuhamia inaweza kupata watu wake, nasema inaweza. Ila ikae.

Sasa twende nyumbani Tanzania, na hapa ndipo hasira zangu zinapoanzia.

Tarehe 29 Novemba 2022, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 pale Highland Estates, Mbarali, ikakata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Mimi ni Yanga, nisiwadanganye, usiku ule chakula hakikupita. Lakini binamu yangu aliyeko Ubaruku alinipigia simu, sikusikia hata neno moja, ni vuvuzela na honi za bodaboda tu. Nikajikuta nacheka. Kidogo tu nikaona fahari: hawa ni watu wetu, na wamemfunga mkubwa nyumbani kwao.

Haikupita muda, Ihefu ikahamishiwa Singida. Msimu wa 2024/25 ikaanza kwa jina la Singida Black Stars. Nilipomuuliza binamu, akanijibu, "Ndiyo mpira, kaka, mwenye hela kaichukua," kisha akahamia habari za usajili wa Simba.

Na huko Singida kwenyewe, timu ya DTB ilipanda Ligi Kuu ikawa Singida Big Stars mwaka 2022, mwaka mmoja baadaye ikawa Singida Fountain Gate, kisha Fountain Gate tupu, nyumbani kwake Babati. Mtoto wa pale aipende ipi, na jezi ya nani anunue?

Najua mnachoandika sasa hivi. "Umekaa Ulaya kidogo umeshaanza kutufundisha mpira." Jamani, mimi sijasahau timu inayovuka nchi kwa basi huku mishahara ya wachezaji inadaiwa. Anayejitokeza kulipa mishahara hiyo namheshimu. Mwingine atasema mpira ni biashara. Sawa, biashara gani inahama kila mteja anapoanza kuizoea? Na mwingine atasema Mtanzania ana Simba na Yanga tu, nje ya hapo unapoteza muda. Huyo ameisahau Mbeya City ya 2013/14, imepanda ligi na kushika nafasi ya tatu msimu wake wa kwanza, mashabiki wakikodi mabasi kuifuata mikoani. Zambarau, rangi ya timu, kila kona! Watu wale walikuwa na Simba na Yanga zao moyoni, kama yule mzee alivyo na Tottenham yake, na bado walienda. Timu ilikuwa ya halmashauri, na halmashauri haina pa kuhamia.

Singida mmepata timu nzuri, sina kinyongo, hata mkimkuta Yanga mkamfunga nitavumilia tena. Ila wewe unayejiandaa kunitukana, nijibu kwanza: Simba ikija Liti, uwanja wenu wa Singida, unavaa jezi ya nani?