Pingili moja ya muhogo haibebi kirusi kimoja

Juzi nilikuwa Ukerewe kwa mama mdogo. Nilimkuta anafunga mzigo wa pingili za muhogo alizopewa na jirani, mvua zimeshaanza na shamba limeshalimwa. Nikamwuliza kama aliyakagua mashina zilikokatwa. Akanijibu, "Mwanangu, lina batobato kidogo tu." Batobato ni ugonjwa wa virusi unaotia mabaka majani ya muhogo, na hilo "kidogo tu" halijanitoka kichwani.

Tulikwenda kuliona shina lenyewe. Majani ya matawi mawili yalikuwa na mabaka ya njano, mengine yamejikunja hadi yamebaki membamba kama vidole vya mtoto. Tawi la tatu lilikuwa la kijani safi, kama limetoka shamba jingine.

Tumezoea kusema shamba "lina kirusi", kana kwamba ni mdudu mmoja aliyeingia akakaa. Ndani ya shina lile kuna ukoo mzima. Kila kirusi kinapojinakili hutokea makosa. Nakala nyingi zenye makosa hufa, chache huishi, na moja moja huwa kali kuliko mzazi wake. Tena nzi weupe, wadudu wanaosambaza virusi hivi, hawaulizi shina limeshaambukizwa au la: leo huyu analeta kirusi cha aina hii, kesho mwingine analeta cha aina nyingine, na vyote vinakutana kwenye seli moja.

Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tumeshaona matokeo yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka Uganda, mihogo ikateketea, watu wakaacha kuilima. Mwaka 1997 watafiti walichapisha walichokikuta: kirusi chotara. Sehemu kubwa ya mwili wake ilikuwa ya kirusi cha batobato cha Afrika Mashariki, lakini katikati ya jeni ya gamba lake kulikuwa na kipande kilichotoka kwa kirusi cha batobato cha Afrika. Viwili hivyo vilikutana ndani ya mmea mmoja na kuzaa cha tatu. Shina lililobeba chotara huyo pamoja na kirusi cha Afrika ndilo lililodumaa kuliko yote. Baadaye ugonjwa ukashuka Kagera, ukafika huku kwetu.

Kwa maoni yangu hapa ndipo tunapokosea. Mahindi yakivunwa, mmea umekufa, na virusi vingi vilivyokuwemo vinakufa nao. Muhogo haufi. Tunaukata, tunaupanda, tunaukata tena, na ule ukoo wa virusi unahama mzima mzima kutoka shamba la bibi hadi la mjukuu. Tunavipa muda wa kukutana na kuchanganyika, kisha tunashangaa mbegu iliyosifiwa kuwa sugu imeanza kuonyesha mabaka.

Kuna aina zinazovumilia ugonjwa bila kuonyesha dalili. Nazikubali kwa sababu zinalisha watu, lakini shina linalovumilia linaweza kuwa limebeba virusi, na mkulima hana sababu ya kuling'oa. Michirizi kahawia, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo, ni mbaya zaidi kwa hilo. Majani yanaweza kukudanganya kabisa, hadi siku unapopasua muhogo wa kutengenezea udaga ukakuta ndani kumekauka, kahawia, kugumu kama kizibo.

Kwa hiyo sikubaliani na mpango wa kugawa mbegu mpya kijijini na kuondoka. Mbegu safi inayopandwa hatua kumi kutoka kwenye mashina ya zamani itatembelewa na nzi walewale. Kung'oa kuanze kwanza, majirani wote kwa pamoja, muhogo ukiwa bado mchanga. Na vipimo visichukue jani moja kwa shamba zima, kwa sababu hata matawi ya shina moja hayafanani.

Mama mdogo alinisikiliza, kisha akaniuliza swali la haki: sasa apande nini, na mvua ndiyo hii? Tulikaa chini ya mwembe tukaufungua mzigo. Pingili za matawi yenye mabaka tulizichoma. Tukarudi kwa jirani tukakata lile tawi la kijani, maana hutokea pingili ya shina gonjwa ikachipua safi. Zilipatikana kumi na moja. Amezipanda peke yazo upande wa ziwani, mbali na mihogo mingine, na atanipigia simu zikifikisha jani la nne.