Ukienda kuangalia Trooping the Colour, panga kwa masikio

Watu wengi wanaopanga kwenda London mwezi wa sita kuangalia Trooping the Colour, lile gwaride la kijeshi la kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Mfalme wa Uingereza, wanapanga kwa macho, yaani swali la kwanza ni nisimame wapi nimwone Mfalme, la pili ni nitapataje picha ya familia yake wakiwa juu kwenye roshani ya kasri la Buckingham, na muziki unabaki kitu cha kusikika pembeni tu. Mi mwenyewe mara ya kwanza nilipanga hivohivo. Nilisimama The Mall, ile barabara ya kuelekea kasri, tangu asubuhi, mbele yangu kuna safu tatu nne za watu, na nilichokiona ni ncha za zile kofia za manyoya ya dubu zikipita juu ya mikono iliyoinua simu. Bendi ikapita kama dakika moja hivi, ikakata kona kuelekea uwanja wa Horse Guards, halafu muda wote uliobaki nikawa nasikia ngoma kwa mbali kama mtu aliyesimama nje ya ukumbi wa harusi ambayo hakualikwa. Nilirudi nilikofikia nimechoka na roho inaniuma, kwa sababu nilikuwa nimesafiri kwa ajili ya bendi.

Tangu siku hiyo nasema, kwa mtu anayependa muziki, lile gwaride lipange kwa masikio, na ukishalipanga kwa masikio utaona kwamba siku ya kwenda siyo lazima iwe ile siku kubwa.

Iko hivi. Gwaride la Mfalme lenyewe hufanyika Jumamosi moja ya Juni, kuanzia saa tano asubuhi, lakini kabla yake kuna Jumamosi mbili ambapo gwaride hilohilo karibu lote linafanyika palepale Horse Guards. La kwanza linaitwa Major General's Review, linakaguliwa na jenerali anayeongoza Household Division, yaani vikosi vya walinzi wa Mfalme, na wiki inayofuata linakuja Colonel's Review, ambapo anayepokea saluti ni mmoja wa makoloneli wa vikosi hivyo. Yunifomu ni zilezile, bendi zilezile, farasi walewale, muziki uleule. Unachokosa ni Mfalme mwenyewe, zile ndege za kupita juu ya kasri, na msongamano. Viti vya siku kubwa vinagawiwa kwa bahati nasibu, unaomba mapema mwanzoni mwa mwaka kwenye tovuti rasmi ya jeshi halafu unasubiri jina lako litoke, wakati tiketi za zile siku mbili za mwanzo hazina ushindani mkali hivyo. Na hata ukikosa tiketi kabisa, ukingo wa bustani ya St James's Park upande unaotazama uwanja unakupa nafasi ya kusimama na kuona, na siku za riviu nafasi hiyo inapatikana bila kukesha.

Sasa kwa nini nasisitiza kuwa karibu? Sababu ni sauti yenyewe. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, na askari wakiwa kwenye mwendo wa haraka wanapiga karibu hatua 120 kwa dakika, yaani kila nusu sekunde mguu mmoja unagonga chini. Piga hesabu kidogo: ukiwa mita 85 kutoka kwenye ngoma kubwa, mlio unakufikia robo sekunde baadaye, wakati mguu uliogonga pamoja na ngoma umeshatulia chini na mwingine bado uko hewani. Kwa hiyo macho yanakuambia askari wamekosea na masikio yanakuambia bendi imekosea, na hakuna aliyekosea. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba walipokaa hawakuona ule usawa unaosifiwa, na mi najua kabisa tatizo lilikuwa umbali. Ukisogea karibu, ngoma na buti vinakuja kama kitu kimoja na unakisikia kifuani, hapo ndo unaelewa kwa nini majeshi yalianza kutembea na ngoma.

Na uende umesoma kidogo, kwa sababu lile gwaride lina lugha yake. Zamani askari alitakiwa aijue bendera ya kikosi chake ili katikati ya moshi wa baruti ajue arudi wapi, ndo maana bendera ikawa inapitishwa polepole mbele ya safu kila mtu aione, na hicho ndo kinachofanyika mpaka leo. (Waliowahi kufuatilia Jamhuri Day kule Kenya wataitambua shughuli hii mara moja.) Vikosi vya miguu viko vitano na wote kwa mbali wanaonekana wamevaa koti jekundu lilelile, lakini tazama vifungo kifuani: Grenadier vimepangwa kimojakimoja, Coldstream viwiliviwili, Scots vitatuvitatu, Irish vinnevinne, Welsh vitanovitano. Ukishajua hilo basi hata wanamuziki waliochanganywa kwenye bendi moja kubwa unaweza kuwatenganisha kimoyomoyo, huyu wa kikosi hiki, yule wa kile, na gwaride linaacha kuwa rangi nyekundu inayotembea.

Kwenye bendi ya farasi tafuta yule farasi mkubwa aliyebeba ngoma mbili za fedha, moja kila upande. Mpigaji mikono yake yote miwili iko kwenye ngoma, kwa hiyo hatamu zimefungwa kwenye miguu yake na anamwongoza farasi kwa miguu huku anapiga. Nilimwangalia huyo mtu muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote pale uwanjani.

Halafu kuna kitu ambacho watu wengi kinawapita kwa sababu wako bize na simu. Bendi zote zikishatembea uwanja mzima, mwendo wa pole kisha mwendo wa haraka, mpiga ngoma mmoja anatoka peke yake, anatembea mpaka kulia kwa kikosi kitakachokwenda kuchukua bendera, anapiga mlio mfupi unaoitwa Drummer's Call, basi. Ngoma moja, kwenye uwanja ule wote, baada ya mamia ya vyombo. Mi kwangu hiyo ndo nauli yangu imerudi. Naomba sana, sehemu hiyo weka simu mfukoni, hiyo vidio utaikuta intaneti imepigwa na kamera nzuri kuliko yako, lakini ule ukimya kabla ya ngoma hauingii kwenye vidio.

Kuhusu hali ya hewa panga kwa pande zote mbili, maana viti havina paa. Mwaka 2024 siku kubwa yenyewe ilinyeshewa mvua kubwa na gwaride likaendelea. Mwaka 2023 ikawa kinyume, Colonel's Review ya tarehe 10 Juni ilifanyika kwenye joto la nyuzi 30 hivi, askari wamevaa sufu na manyoya, na kadhaa walizimia mbele ya Prince William. Mmoja wao alikuwa mpiga trombone. Alianguka, akainuka, akachukua trombone yake akaanza kupiga tena huku bado anayumba, mpaka wakaja kumtoa. Watu walisambaza ile vidio wakicheka na mi iliniumiza sana, yule ni mwanamuziki aliyekuwa anatafuta noti yake iko wapi. Kwa hiyo wewe unayekwenda kukaa tu chukua maji, chukua koti jepesi la mvua, vaa nguo nadhifu zisizokubana, begi liwe dogo kwa sababu kuna ukaguzi, na ufike mapema ili usiwe unatafuta kiti wakati bendi inaingia.

Mwaka niliokwenda Colonel's Review, mwishoni niliwahi kutoka nikarudi The Mall, karibu kabisa na pale niliposimama mara ya kwanza, ila safari hii mbele yangu hapakuwa na mtu, ni kizuizi na barabara tu. Bendi ilikuwa inarudi. Kwanza ilikuja ngoma kubwa peke yake kutoka mbali, bado huoni kitu, halafu sauti za chini, halafu tarumbeta, halafu nikawaona. Trombone ziko mstari wa mbele kabisa kwa sababu ule mkono wake unasukumwa mbele na unahitaji nafasi, na zilipofika usawa wangu niliweza kuona mate yakidondoka kwenye ncha ya trombone ya pembeni na shavu la kijana aliyeishika limeloa jasho. Kila buti liligonga palepale ngoma ilipogonga.