Mkono uliovimba ghafla usichuliwe

Wapo wanaokataa upasuaji wa kuondoa ubavu wa kwanza, ule wa juu kabisa kifuani, unaofanywa ili kuipa nafasi mishipa ya mkono iliyobanwa, nao wana hoja. Baina ya ubavu huo na mtulinga hupita mishipa ya fahamu ya mkono, ateri yake (mshipa unaopeleka damu mkononi) na vena yake (mshipa unaoirudisha). Zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi wanaobanwa hapo wamebanwa mishipa ya fahamu tu, wakapata ganzi na maumivu, na wengi hupata nafuu kwa mazoezi ya viungo. Ya nini basi kumpasua mtu jirani na pafu? Hapo nakubaliana nao.

Ila hoja hii huchukuliwa jumla jamala, akatiwa humo na aliyebanwa vena. Huyu ni mgonjwa mwengine kabisa. Mara nyingi ni kijana mwenye nguvu zake, kazi yake kuinua mikono. Pemba tunawajua vijana wa kazi hiyo kila msimu wa karafuu: mkono mmoja unavuta tawi juu ya kichwa, wa pili unachuma, kutwa nzima, maana malipo ni kwa pishi. Vena ikisuguliwa sana huumia, damu ikaganda ndani. Mkono huvimba wote, ukawa mzito na kupiga zambarau, na vimishipa vikachomoza begani na kifuani.

Nyumbani husemwa ameteguka. Huitwa mchuaji, yakapakwa mafuta ya makonyo. Kumchua mtu mwenye bonge la damu kunaweza kulibandua likaenda pafuni. Na hata lisipobanduka, siku zinakwenda, nami hizi siku ndizo zinazoniuma. Dawa ya kuyeyusha bonge, inayopelekwa kwa mrija mwembamba hadi ndani ya vena, hufanya kazi vizuri katika siku 14 hivi tangu uvimbe uanze. Baadaye bonge huwa gumu na kushika ukuta wa mshipa. Sasa hesabu: wiki ya kuchuliwa, siku kadhaa za kutafuta nauli, hospitali ya Chake Chake, ya Mnazi Mmoja kule Unguja, kisha boti ya Dar es Salaam. Siku 14 zimekwisha na wala hakuna aliyezembea.

Wapo madaktari wanaoona dawa za kuzuia damu kuganda zatosha, ubavu uachwe. Kwa mzee wa barazani, pengine. Mchumaji msimu ujao atapanda tena mkarafuu, na ubavu uliombana uko palepale. Ama ateri ikibanwa, jambo la nadra kuliko yote, mabonge hushuka vidoleni, vikapoa na kugeuka vyeusi. Hapo sioni cha kubishania.

Sidai upasuaji huu ufanyike Pemba. Nadai altrasaundi siku ileile mkono unapovimba, dawa ya kuzuia kuganda ianze hapohapo kama hakuna kizuizi, na barua ya rufaa itaje tarehe uvimbe ulipoanza, maana tarehe ya mgonjwa kufika hospitali haimwambii daktari wa Dar siku ngapi zimebaki.