Maji ya Moto Anayeyafaidi ni Mjusi

Julai iliyopita nililala Newala, mkoani Mtwara, juu kwenye Uwanda wa Makonde, kwenye gesti ya dada yangu. Vyumba vinane, bafu la uani, jiko la kuni nyuma kabisa karibu na ua wa majirani. Saa 12 na nusu asubuhi, ukungu ndiyo kwanza unaanza kuwa mweupe, nikaingia kuoga. Wageni wawili walishanitangulia. Nikafungua bomba la maji ya moto, yakaja ya baridi. Nikasubiri. Ndoo ikakaribia nusu, bado. Yalipoanza kuwa vuguvugu mimi nilishaanza kutetemeka, maana upepo wa kusi ukipiga kule juu hauulizi kama umevaa.

Nikajifunga taulo, nikatoka na hasira zangu kwenda kumuuliza babu anayechochea moto kama kapitiwa na usingizi.

"Shikamoo babu. Moto vipi?"

"Marahaba. Moto huo hapo, mjukuu wangu. Uangalie mwenyewe."

Kweli. Jiko linanguruma, magogo ya mkorosho yamejaa mdomoni, pipa linatoa mvuke. Babu hana kosa. Basi nikaanza kulifuata bomba kurudi bafuni. Ni bomba la chuma la robo tatu inchi, limepita juu ya nguzo za panda, mita 22 kwa hatua zangu, tupu kama lilivyotoka dukani. Pale jikoni ukiliweka kiganja unakitoa mwenyewe. Kule bafuni ni baridi kama kisu. Na katikati, nyuma ya kamba ya kuanikia mashuka, amelala mjusi kafiri. Kajinyoosha juu ya bomba tumbo chini, miguu ananing'iniza huku na huku, macho nusu. Alivyostarehe hakuna mgeni aliyelipa chumba aliyestarehe vile.

Nilimtazama yule mjusi nikaelewa kwa nini nimeoga baridi. Kuni zinakatwa, zinabebwa, zinapasuliwa, babu anaamka saa 10 usiku, ili mjusi apate joto la tumbo.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Fundi aliyefunga lile bomba alikuja mchana kurekebisha koki, nikamwuliza: fundi, mbona hukulivisha kitu cha kuzuia joto lisitoke? Akacheka. Akacheka kabisa, akamgeukia dada kana kwamba anamwomba ushahidi. "Kaka, mambo ya kuvisha mabomba ni ya Ulaya. Kule kuna barafu. Hapa bomba litagandia wapi?"

Dada naye akacheka. Nikabaki peke yangu.

Nikubali kidogo, kwa shingo upande. Kule kwenye nchi za barafu, mtu akiwa na jiko la kuni nje linalopasha maji ya nyumba nzima, kitu cha kwanza anachoogopa ni maji kuganda bombani, maana yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 na bomba linapasuka. Hilo Newala halipo. Lakini bomba halivikwi kwa sababu ya barafu peke yake! Linavikwa ili joto uliloliweka ndani lifike unakolipeleka. Joto halina uraia. Likiwa ndani ya chuma chembamba na nje kuna ukungu na upepo, linatoka, iwe ni Kanada au Kitangari.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki: yule yule fundi, mwezi uliotangulia, alifunga kiyoyozi kwenye ofisi moja Mtwara mjini. Nikamwuliza, yale mabomba ya kiyoyozi yanayotoka ukutani uliyaacha hivi hivi? "Aa, yale lazima uvishe ile spanji nyeusi." Lazima! Kwa hiyo baridi ya bosi inavalishwa koti, joto la mgeni wa gesti linaachwa uchi. Hakuwa na jibu. Alisema anakwenda kutafuta wosha ya koki.

Tuache kuni kwanza. Dada anasema kuni si tatizo, matawi yanayopogolewa mikoroshoni yapo tele, na ana haki yake, ingawa babu anayeyapasua sijasikia akisema yapo tele. Mimi naongelea maji.

Bomba la robo tatu inchi linabeba karibu theluthi moja ya lita kwa kila mita. Mita 22 ni lita saba na kitu. Mgeni mmoja anaoga, anafunga koki. Yale maji yanabaki bombani. Lile bomba tupu kwenye baridi ile, ndani ya nusu saa hivi maji yake yameshapoa hayamfai mtu. Mgeni wa pili anaingia, anafungua, anamwaga lita saba akisubiri ya moto. Wa tatu vile vile. Wageni wanane ni karibu lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20, kila asubuhi, chini kwenye mfereji. Na si maji tu. Ni maji yaliyokuwa yameshachemshwa, yakaachwa yapoe, yakamwagwa.

Sasa nawaambia ninyi mliozaliwa kule juu, si wa Shangani, Mtwara mjini, mnaofungua bomba huku mnaangalia simu: madumu matatu Newala ni kitu gani? Uwanda wa Makonde una kila kitu, mikorosho, mihogo, hewa nzuri, ukisimama ukingoni unaliona bonde la Ruvuma lote. Maji ndiyo hauna. Mchanga unakunywa mvua yote. Maji ya bomba yanasukumwa na pampu kutoka bondeni kupanda huko juu, na pampu ikigoma kila mtu anajua ndani ya siku moja. Ndiyo maana nyumba nyingi zina kisima cha kuvunia mvua ya bati. Bibi yetu, mzaa mama, alikuwa anateremka bondeni usiku na mtungi ili apande kabla jua halijawa kali. Alikuwa na alama utosini, pale kata inapokaa, nywele hazikuota vizuri. Dada aliiona ile alama kama mimi nilivyoiona. Halafu madumu matatu kila siku yanakwenda mferejini kwa sababu fundi anasema hapa hakuna barafu.

Nilipomkumbusha bibi, dada hakucheka tena. Aliniambia, "Haya, wewe msomi, livishe basi." Alidhani nitarudi mjini.

Sikurudi. Ile spanji nyeusi ya viyoyozi ndiyo kitu safi, lakini kwa mita 22 bei yake ilinifanya nikumbuke kwamba gesti si yangu. Nikawaza: kinachozuia joto ni nini hasa? Ni hewa iliyonaswa, isiyotembea. Blanketi linatia joto kwa ajili hiyo. Na kitu gani cha kwetu kinanasa hewa kuliko sufi? Tunalalia mito ya sufi miaka yote, tunajua inavyopika shavu.

Basi ilikuwa hivi. Sufi nikaitandaza kwenye vipande vya viroba, unene wa kama vidole viwili, nikalizungushia bomba, nikafunga kwa kamba za mpira wa tyubu. Usikaze sana. Ukiikandamiza sufi umetoa hewa, umebaki na kitambaa. Juu yake nailoni nzito, mkunjo ukiangalia chini ili mvua iteleze. Hapa ndipo wengi wanaharibu: kitu kikilowa hakizuii joto tena, kinalinyonya. Afadhali bomba tupu kuliko bomba lililovaa blanketi bichi. Na nailoni ya kawaida jua litaila, nalijua hilo, mwakani nitabadilisha.

Mita mbili za mwanzo kutoka jikoni sikuweka sufi. Sufi inashika moto kama imetukanwa. Pale nilikandika udongo na majivu. Jirani mmoja alinishauri nitumie mifuko mitupu ya salfa ya kupulizia mikorosho, ipo bure kila nyumba ya mkulima. Jamani, salfa inaungua! Mfuko wenye vumbi la salfa kando ya jiko la kuni, hapana, ahsante.

Na hapa sitanii hata kidogo: lile bomba fupi la kupumulia linalosimama juu ya pipa, usilivishe likazibika, usilitie koki, usiligeuze pa kuanikia soksi. Pipa lililozibwa juu ya moto ni bomu, na babu anakaa hatua tatu kutoka hapo.

Matokeo? Nilioga wa nne, nusu saa nzima baada ya mgeni wa tatu, na maji yalikuja ya moto tangu mwanzo mpaka nikalazimika kuchanganya. Bomba lililovaa vizuri hivyo linapoa polepole mara nne au tano kuliko lililo tupu. Sisemi linafanya miujiza. Maji yaliyolala usiku kucha bombani yatapoa hata ukilivalisha koti la Ulaya, kwa hiyo wa kwanza kuamka bado anamwaga lita saba zake. Na fundi aliniambia, kwa furaha sana, kwamba mchana jua lilikuwa linalipasha bomba tupu bure na sasa nimelizuia. Ni kweli. Ila Newala nani anaoga saa 7 mchana?

Wapo watakaoniambia zama za kuni zimepita, serikali inataka asilimia 80 ya watu wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Sawa, naunga mkono. Gesi yetu ya Mtwara yenyewe imeshatangulia Dar tangu 2015, kwenye bomba lililopakwa, likavishwa, likafukiwa kwa heshima zote. Bomba la gesi halijawahi kulaliwa na mjusi. Siku dada akifunga gesi au sola, nitafurahi. Lakini maji yatapita wapi? Katika mita zile zile 22, kwenye panda zile zile.

Wiki iliyopita kanipigia. Nikadhani ananishukuru. Kumbe alikuwa anahesabu vitu vya vyumbani, chumba namba tatu na namba sita mito imesinyaa, imebaki foronya. Nikamwambia sufi ya sokoni ilinipungukia nikiwa nimefika mita ya 17.

"Kwa hiyo mgeni alalie nini, mdogo wangu?"

Nimemtumia hela ya mito miwili jana. Ya spanji.