Keshasema mwenyewe, kesi ya nini tena?

"Sasa huyu si keshasema mwenyewe? Kesi ya nini tena?"

Aliyeuliza ni mzee mmoja barazani kwetu, na kesi yenyewe ilikuwa ya mbali: mauaji ya Dan Markel, profesa wa sheria aliyepigwa risasi ndani ya gereji ya nyumba yake huko Tallahassee, Florida, Julai 2014. Kijana wetu mmoja hufuatilia kesi za Marekani kwenye simu, na siku hiyo alikuwa akitusimulia habari za Luis Rivera, mmoja wa watu wawili waliolipwa kuifanya kazi ile. Mwaka 2016 Rivera alikubali kosa, akapewa kifungo cha miaka 19 badala ya kusimama mbele ya shtaka lililoweza kumfikisha kwenye adhabu ya kifo, na kwa kubadilishana akaahidi kutoa ushahidi dhidi ya wenziwe. Kwa mzee, mambo yaliishia hapo. Mtu kasema, kajitaja na kawataja wenziwe, basi kilichobaki ni hukumu.

Swali lile limenikaa, kwa sababu halina uhusiano mkubwa na Florida. Ndilo tunaloulizana Unguja na Pemba kila inapovuma kwamba fulani alitoa fedha ili mtu auawe. Mmoja wa waliokamatwa anasema, maneno yake yanavuja, sauti na picha zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na jaji hajasikia hata shahidi mmoja. Wako wanaosema tuyazungumze, ni haki yetu. Wako wanaosema tufunge midomo mpaka hukumu. Kila upande una hoja nzito, na mimi nina upande, nitausema.

Nianze na wanaotaka tuzungumze, maana mara nyingi hawasikilizwi kwa haki. Mauaji ya kulipwa yana ngazi tatu: aliyetuma, dalali, na mtendaji. Mtendaji ndiye anayeonekana na ndiye anayekamatwa. Aliyetuma siku hiyo yuko kwenye harusi, au msikitini, au safarini, na mashahidi mia wa kusema hivyo anao. Hana damu mikononi, hana silaha nyumbani. Kumfikia kuna njia chache, na iliyo fupi kuliko zote ni ulimi wa yule aliyetumwa naye. Sasa mtu wa namna hiyo kwa kawaida ni mwenye fedha. Pale watu wanaponyamaza, fedha hupata nafasi ya kutembea: jalada likapotea, shahidi akahama, familia ya marehemu ikaitwa kikao cha usuluhishi kuhusu jambo lisilosuluhishika. Mtu aliyeko mahabusu, aliyekwisha kumtaja mkubwa, huenda usalama wake wote ni kwamba watu wanajua yupo na wanajua alichosema. Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo, katika kifungu cha 18, imempa kila mtu uhuru wa kutoa maoni na kupokea habari. Mama wa marehemu akiambiwa asubiri miaka bila ya kuuliza chochote, hiyo si subira tunayomfundisha, ni kumzika pamoja na mwanawe.

Wanaozungumza huongeza hoja nyengine, na mawakili kadhaa wanaipenda. Wanasema makatazo ya kuzungumzia kesi iliyoko mahakamani yaliletwa na Waingereza kwa ajili ya mahakama zao, ambako watu kumi na wawili waliotolewa mitaani ndio wanaoamua hatia. Watu hao wanaweza kuathirika na magazeti. Sisi hatuna mfumo huo. Kwetu jaji ni msomi, ana uzoefu, na analazimika kuandika sababu za hukumu yake, ambazo Mahakama ya Rufani itazisoma mstari kwa mstari. Maneno ya baraza la kahawa yatamfanya nini?

Kuhusu jaji, nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Lakini nadhani wanaangalia mlango usiobomolewa.

Tutazame kwanza sheria inamwonaje mshirika. Kwa karibu karne nzima Zanzibar ilitumia Dikrii ya Ushahidi iliyofuata Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, mpaka tulipopata sheria yetu mpya ya ushahidi ya 2016. Sheria ile ya India ilisema mambo mawili yanayoonekana kugongana: kwamba mshirika wa uhalifu anafaa kuwa shahidi na hukumu haiwi batili kwa sababu tu imesimama juu ya maneno yake, na hapo hapo kwamba mahakama inaweza kumchukulia kuwa mtu asiyeaminika mpaka maneno yake yaungwe mkono katika mambo ya msingi. Majaji wa Afrika Mashariki wameishi na mafundisho hayo mawili tangu enzi za ukoloni. Kwa Bara, Sheria ya Ushahidi ya 1967 inasema wazi kwamba kukiri kwa mshtakiwa mmoja hakuwezi peke yake kumtia hatiani mwenziwe. Na katika uamuzi wa Pascal Kitigwa, uliomo kwenye ripoti za sheria za 1994, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba ushahidi wa kuunga mkono unaweza kuwa wa mazingira, au ukatokana na mwenendo na maneno ya mshtakiwa mwenyewe.

Msomaji wa hapa hahitaji kwenda India kuyapata haya. Aya ya sita ya Surat al-Hujurat inatuambia fasiki akitujia na habari, tuihakikishe, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Nimeisikia aya hii ikisomwa kana kwamba inatukataza kumsikiliza fasiki. Haisemi hivyo. Haikusema tuitupe habari yake wala haikusema tuichukue. Imesema tuhakikishe. Na mtu aliyekubali fedha ili aue ni fasiki kwa kipimo chochote utakachoshika, lakini inawezekana kabisa kwamba siku hii anasema kweli.

Uhakikisho huo ndio unaoharibiwa na mazungumzo yetu. Tuseme mshirika amewaambia wachunguzi kwamba alikabidhiwa fedha Darajani, baada ya sala ya alasiri, na mtu aliyeshuka kwenye gari nyeupe. Maneno hayo yakibaki kwenye jalada, na mwenye duka la karibu akaja kwa hiari yake kueleza kwamba aliona gari nyeupe wakati watu wanatoka msikitini, hapo kuna kitu. Vinywa viwili visivyojuana vimesema jambo moja. Lakini maneno hayo yakishazunguka kwenye simu wiki tatu, mwenye duka kayasikia, mkewe kayasikia, na mpangaji wake kamtumia sauti. Anapoitwa, anakumbuka gari. Anakumbuka alasiri. Wala hasemi uongo, maskini. Akili ya mwanadamu hujaza pengo kwa kile ilichokisikia. Jaji atakuta mashahidi watatu wanaokubaliana, kumbe ni shahidi mmoja na mwangwi wake. Ndiyo maana nasema usomi wa jaji hautusaidii hapa: yeye hakuathirika, alichopelekewa ndicho kilichoathirika.

Na hasara hiyo haina upande. Wakili wa utetezi mwenye akili atamwuliza yule mwenye duka swali moja tu: ulianza lini kuisikia habari ya gari nyeupe? Aliyetuma kwa kweli anaweza kutoka mlangoni akiwa huru, kwa sababu sisi tuliokuwa tukimlaani ndio tuliouchafua ushahidi uliokuwa umfunge.

Tallahassee kulitokea jambo ambalo kijana wetu alilisimulia kwa haraka, nami nilimwomba alirudie. Mwaka 2019 Rivera alisimama mahakamani dhidi ya washtakiwa wawili: Sigfredo Garcia, aliyedaiwa kufyatua risasi, na Katherine Magbanua, aliyedaiwa kuwa dalali baina ya wauaji na familia ya aliyekuwa mke wa marehemu. Shahidi ni huyo huyo, kiapo hicho hicho, baraza hilo hilo la watu kumi na wawili. Garcia wakamtia hatiani. Kwa Magbanua hawakukubaliana. Garcia alikuwa amezungukwa na mengine: gari la kukodi alilosafiri nalo na Rivera, kamera, kumbukumbu za simu. Dhidi ya mwanamke yule, maneno ya Rivera hayakupata nguzo ya kutosha machoni mwa wote. Nguzo ilikuja baadaye: maongezi yaliyorekodiwa kwa siri katika mkahawa mmoja Miami mwaka 2016, ambayo sauti yake haikusikika vizuri mpaka iliposafishwa kwa utaalamu mpya. Mwaka 2022 Magbanua alitiwa hatiani, na mwaka huo huo akakamatwa Charlie Adelson, shemeji wa zamani wa marehemu, aliyetiwa hatiani Novemba 2023. Mama yake Charlie alitiwa hatiani Septemba 2025. Miaka kumi na moja. Na wanaopenda mazungumzo wana haki ya kusema kwamba kesi ile haikufa kwa sababu watu hawakuacha kuiulizia. Hilo nalikubali bila ya kinyongo. Lakini kilichoifikisha mwisho ni sauti ya mkahawani, ambayo haikuweza kuigwa wala kukumbukwa vibaya na mtu yeyote.

Huku kwetu tunayo kumbukumbu iliyo nzito zaidi. Mzee Abeid Amani Karume aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Haikuwa kesi ya mauaji ya kulipwa, na sitaki kuifananisha zaidi ya inavyostahiki. Kesi ya uhaini iliyofuata mwaka 1973 ilikuwa na washtakiwa 81, baadhi yao hawakuwepo kwa kuwa walikuwa wameshikiliwa Bara. Hapakuwa na mawakili wa utetezi. Mfumo wa mahakama za wakati ule Visiwani haukuwaruhusu. Waliokiri, maneno yao yalitumika dhidi ya ambao hawakukiri, na washtakiwa walilalamika kwamba maneno hayo yalitolewa chini ya mateso. Abdulrahman Mohamed Babu alihukumiwa kifo hali yuko kizuizini Bara, alikotoka mwaka 1978 bila ya kuwahi kumsikia uso kwa uso hata mmoja wa waliomtaja. Mpaka leo, nusu karne baadaye, kuna nyumba mjini ambazo mkasa huo hauzungumzwi mbele ya wageni. Maneno ya mshirika, yakiachwa yatembee peke yake bila ya kuulizwa, hufanya hivyo: hayamalizi jambo hata yakitoa hukumu.

Najua mtu atasema kosa la 1973 lilikuwa la dola, si la wananchi barazani. Ni kweli, na hapa ndipo lawama yangu kubwa ilipo hata leo. Uvujaji hauanzi kwa muuza kahawa. Huanza kwa ofisa anayesimama mbele ya vipaza sauti na kusema watuhumiwa "wamekiri kuhusika". Neno hilo moja linatosha. Mahakamani, mshtakiwa akikana maelezo yake, jaji husimamisha kesi kubwa na kufanya kesi ndogo ndani yake, kutazama kama maelezo yalitolewa kwa hiari. Akiona yalilazimishwa, huyatupa. Sisi tuliokwisha kusikia "wamekiri" nani atatutupia? Methali yetu inasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sijui methali iliyotudhuru zaidi katika mambo ya jinai.

Bara kuna mfano ambao haujapoa. Mwanamke na mwenziwe mmoja walishtakiwa kwa mauaji ya mwanamke mwengine aliyeuawa Kigamboni Mei 2016. Walikaa mahabusu, kwa kuwa shtaka la mauaji halina dhamana, mpaka Februari 2024, Mahakama Kuu Dar es Salaam ilipowaachia huru. Kwa miaka hiyo yote nimesikia watu wa hapa Unguja, wasiowahi kuwaona, wakilisimulia tukio kana kwamba walikuwepo chumbani. Na hawa walikuwa watu wa ng'ambo ya bahari. Fikiria mshtakiwa wa Wete au Mkoani, ambaye watoto wake wanasoma skuli moja na watoto wa marehemu, na wote hununua samaki diko moja.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka kimya. Katiba inayompa mtu haki ya kusema ndiyo hiyo hiyo inayokataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika, na mtu mzima anaweza kubeba yote mawili kwa pamoja. Tuulize kwa sauti kesi imefika wapi, kwa nini imeahirishwa mara ya tano, nani ana wakili na nani hana, nani alipigwa. Tulilaumu jeshi la polisi kwa jina linapotangaza kukiri. Lakini yale aliyoyasema mshirika, na nani aliyemtaja, na wapi, na saa ngapi, hayo tuyaache yafike kwa jaji yakiwa mabichi. Ukitumiwa sauti, usiipeleke mbele. Ni jambo dogo, na najua ni gumu, maana sisi ni watu wa habari.

Nilimweleza mzee haya yote, kwa urefu kuliko nilivyoandika. Alisikiliza, akamaliza kahawa yake, kisha akaniuliza: "Na huyo aliyesema akifa mahabusu kabla ya siku yake?"

Sikuwa na jibu la haraka. Baadaye nilimwambia kwamba hicho ndicho kitu cha kuulizia kila wiki mpaka kesi iishe, bila ya kuchoka na bila ya woga: yuko hai? Anakula? Daktari kamwona? Wakili wake anaingia? Alichokisema, mzee, tuache akakiseme mwenyewe.