Nilivyotolewa Nje na Sarufi

Miaka ya 1960 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, James Asher, alianzisha njia ya kufundisha lugha kwa amri: mwalimu anatamka, mwanafunzi anatenda kwa mwili, kusema kunakuja baadaye, sikio likishashiba. Njia nzuri sana. Ila Asher hakuwahi kuingia kwenye darasa langu la watu wazima.

Nililianza somo hilo kwa mbwembwe, maana amri za Kiingereza hazina makuu. Unachukua kitenzi kitupu, bila "you" wala "to" mbele yake, kazi imekwisha. "Sit!" Akae mmoja, wakae mia, neno ni lile lile, habari za kaa na kaeni hawana. Ukitaka kukataza, tanguliza "don't". Ukitaka mfanye pamoja, "let's". Hata adabu wameifupisha, "please" tu, mwanzoni au mwishoni upendavyo. Basi wakasimama, wakakaa, wakashika pua, wakageuka. Jamaa mmoja aligeuka hadi akaanza kupepesuka, akisubiri kwa uaminifu aambiwe "stop".

Ndipo nikatangaza kuwa ni zamu yao kuniamuru mimi. Sharti moja: amri ikikosewa, sitii. Ikiwa sahihi, natii bila swali.

Mzee mmoja wa dawati la mbele, ambaye tangu kozi ianze alikuwa akiitikia kwa kichwa tu, akainuka na kurekebisha miwani.

"Stand up."

Nilikuwa nimesimama tayari. Lakini sentensi haikuwa na kasoro, kwa hiyo nikakaa ili nipate kusimama.

"Walk to the door." Nikaenda. "Open the door." Nikafungua. "Go out." Nikatoka, darasa zima likashangilia. "Close the door." Nikafunga.

Kimya. Kisha nikasikia kurasa zinapekuliwa kwa fujo. Mzee alikuwa ameishiwa vitenzi.

"You to come!" mtu akajaribu. Sikutikisika.

"He comes!"

"Hiyo ni taarifa, si amri!" nikapaza sauti kupitia tundu la ufunguo.

"Coming!"

"Huyo ameitwa, anaitika! Ondoeni hiyo -ing!"

Wakaanza kubishana wote kwa pamoja, nami huku nje nazidi kuwasahihisha, mpaka mama mmoja akachoka na kelele zangu. "Teacher, quiet!"

Nikamweleza kwa upole kwamba "quiet" hapo si kitenzi, sharti atangulize "be".

"Be quiet!"

Sahihi kabisa. Nikanyamaza.

Hapo ndipo mkuu wa chuo alipotokea. Akaniona nimesimama wima mbele ya mlango wa darasa langu mwenyewe, chaki mkononi. "Mwalimu, kulikoni?" Nikamtazama. "Mwalimu, unaumwa?" Nikaonyesha mlango, nikaonyesha mdomo, nikainua mikono. Akafungua mlango, akachungulia. "Mwalimu wenu amepatwa na nini?"

"Anafuata sarufi, mkuu," mzee akamjibu kwa heshima.

Mkuu alinitazama tena, taratibu, kama anayehesabu siku zangu za likizo zilizobaki, akaenda zake bila kuuliza zaidi. Mle ndani, muda wa kipindi ukawa umekwisha. Yule mama, aliyekwisha kunogewa na mamlaka, akafunga daftari lake na kutamka kwa lafudhi safi kuliko yangu: "Let's go home!"

Hapakuwa na cha kusahihisha. Wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja akiniaga, nami nikiwapungia mkono. Mzee alikuwa wa mwisho. Akanikabidhi ufunguo.

"Lock the door, please."

Hata "please" kaiweka mahali pake. Nikafunga, mkoba wangu na simu vikiwa mezani ndani. Ufunguo ninao, lakini wa kuniamuru nifungue alishafika getini.