Nani Anaimaliza Barafu ya Kibo?

Asubuhi isiyo na mawingu pale Moshi mjini, hukosi kumwona mtu amesimama kando ya barabara, ameinua uso kuelekea Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya Kilimanjaro, anatikisa kichwa: "Imebaki kidogo." Hana haja ya kutaja ni nini kilichobaki. Ubishi unaanzia hapo. Mmoja atasema ni shoka na moto, msitu tumeumaliza wenyewe. Mwingine atasema ni moshi wa viwanda vya Ulaya, Marekani na China. Wa tatu, mara nyingi mtu mzima kuliko wote, atasema dunia ina vipindi vyake tangu enzi za mababu, na kwamba hadithi ya tabianchi imeletwa na watu wanaotafuta fedha za wafadhili. Nimeusikia ubishi huu kwenye vilabu vya mbege, ndani ya Coaster, hata msibani. Kinachoniuma ni kwamba kila mtu huondoka na jibu lile lile alilokuja nalo.

Ambalo halina ubishi ni vipimo. Kwa ramani ya Wajerumani ya mwaka 1912, barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Mwaka 1953 zilikuwa zimebaki chini ya 7, mwaka 2000 kama 2.5, na mwaka 2011 hazikufika hata 2.

Tuanze na huyo wa tatu, kwa sababu hoja yake ina uzito kuliko tunavyopenda kukubali. Tazama tena namba hizo: karibu nusu ya barafu iliondoka kati ya 1912 na 1953, wakati sehemu kubwa ya ongezeko la joto tunalolijadili leo haijatokea. Wataalamu wa barafu Georg Kaser na Thomas Mölg, pamoja na Douglas Hardy aliyeweka vyombo vya kupimia hali ya hewa kule juu, walieleza kwamba mlima ulianza kukauka mwishoni mwa karne ya 19. Miaka ya 1880 mvua zilipungua Afrika Mashariki, hata Ziwa Victoria likashuka. Kileleni, kwenye mita 5,895, wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu ile haiyeyuki kama ya kwenye glasi. Jua linaigeuza kuwa mvuke moja kwa moja, kama vipande vya barafu vilivyosahauliwa kwenye friji vinavyosinyaa bila kuacha tone. Ukifika chini ya barafu ya upande wa kaskazini utauona ukuta wima, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa, una mistari ya vumbi la karne na karne, na mara nyingi mchanga chini yake ni mkavu. Theluji ikianguka hutua juu bapa, ukutani haishiki. Ukuta ukirudi nyuma, haurudi tena mbele.

Kwa hiyo Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, alipoifanya theluji ya Kilimanjaro kuwa ushahidi wa ongezeko la joto la dunia katika filamu yake ya mwaka 2006, alichagua mfano mgumu kuutetea. Mwaka 2007 jaji wa Mahakama Kuu ya Uingereza, Michael Burton, aliorodhesha mambo tisa katika filamu hiyo aliyoona hayajathibitishwa, na Kilimanjaro lilikuwa mojawapo. Wenye shaka walifurahi. Walifurahi tena miaka ya 2015 hadi 2020 ilipopita na barafu bado ipo, maana Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State alikuwa amekadiria mwaka 2002 kwamba ingekwisha ndani ya miaka hiyo. Mtabiri anapokosa tarehe, watu hutupa na yale aliyopatia.

Na Thompson alipatia jambo zito. Mwaka 2000 yeye na wenzake walitoboa barafu ile na kutoa nguzo zinazohifadhi historia yake, ambayo anaikadiria kuwa ya miaka zaidi ya 11,000. Ndani yake waliona alama ya ukame mkali wa miaka kama 300, uliotokea takriban miaka 4,000 iliyopita. Barafu iliuvumilia. Lakini sehemu ya juu kabisa, sentimita kama 65 tu, ilikuwa na viputo vya hewa vilivyovutika, dalili ya kuyeyuka, ambayo hakuiona kwingine kokote katika nguzo ile. Basi ukame peke yake unatosha kweli kueleza yanayotokea leo? Mimi naona hautoshi. Ulianza kazi, na sasa joto linaimalizia.

Hapo ndipo hoja ya "dunia ina vipindi vyake" inaponishinda kuikubali. Kilimanjaro ni mlima mmoja. Hata kama barafu yake yote ingeondoka kwa ukame wa kawaida, hesabu ya dunia haibadiliki: kaboni dioksaidi, gesi inayonasa joto, imepanda hewani kutoka sehemu kama 280 kwa kila milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420, na joto la dunia limepanda kwa zaidi ya nyuzi 1. Jua limepimwa kwa setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na halijaongeza nguvu. Tena hewa ya juu sana inapoa huku ya chini ikipata joto. Kama jua ndilo lingekuwa chanzo, zote mbili zingepata joto.

Amebaki yule wa shoka na moto. Mwaka 2012 Mölg na wenzake walipima kama kukata msitu kunaathiri barafu ya kileleni, wakakuta mchango wake ni mdogo. Kuhusu barafu, basi, amekosea. Kuhusu maji amepatia kuliko sisi sote. Maji yanayoingia kwenye mifongo ya Wachagga, yaani mifereji yao ya kumwagilia, hutoka hasa msituni, wala si kwenye barafu, ambayo ni ndogo mno kulisha mito. Mtafiti Andreas Hemp ameonyesha jinsi miti ya ukanda wa juu inavyokamua ukungu na kudondosha maji ardhini, na jinsi moto wa miaka mingi ulivyoushusha mpaka wa msitu. Maji yaliyopotea kwa njia hiyo, anasema, ni mengi kuliko yanayotoka kwenye barafu. Oktoba 2020 mamia ya watu walipanda kwa miguu kuuzima moto uliowaka siku kadhaa, na walichokuwa wakikiokoa ni visima vyao.

Ndiyo maana nakereka mama wa Old Moshi anapofukuzwa na mzigo wake wa kuni kwenye ukanda wa nusu maili ulio kando ya msitu, uliotengwa tangu mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na majani, huku akiambiwa kuwa yeye ndiye anayemaliza theluji. Hajaimaliza. Kama kuna haja ya kumzuia, aambiwe habari ya mfongo unaopita kwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, ambao tangu utoto wake umepungua kina, na apewe nishati nyingine ya kupikia kabla panga lake halijachukuliwa.